Kujitengenezea emoji zinazocheza kwa programu ya kuhariri picha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kikatuni cha uso chenye upana wa kidole kinaweza kukonyeza, kulia, kuruka kwa furaha au kununa, na unaweza kukichora mwenyewe bila kununua chochote. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa na karibu kila anayeanza. Utaona jambo moja likijirudia kwa sura tofauti, kwa sababu naliamini kuliko mengine yote: emoji hupata uhai kutokana na muda unaopewa kila picha. Mchoro wa kawaida wenye muda mzuri utachekesha watu. Mchoro wa kupendeza wenye muda mbaya hautawagusa.

Emoji inayocheza ni kitu gani hasa?

Ni picha kadhaa zilizopangwa ndani ya faili moja, zikaonyeshwa moja baada ya nyingine kwa kasi hadi jicho likaona mwendo. Kila picha huitwa fremu.

Usiichanganye na emoji za kibodi ya simu. Zile ni herufi. Kila moja ina namba yake katika mfumo wa Unicode, na kampuni iliyotengeneza simu au programu ndiyo inayoamua sura yake. Ndiyo maana uso uleule unaweza kuonekana wenye haya kwenye simu moja na wenye maringo kwenye nyingine. Unayochora wewe ni picha, kwa hiyo itafika kwa mwenzako na sura ileile uliyoipa.

Asili ya vitu hivi ni ya unyenyekevu, na inafaa kuijua kabla ya kushika kalamu. Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alipendekeza alama :-) itumike kuonyesha kwamba maneno ni ya utani, maana watu walikuwa wanashindwa kutofautisha mzaha na jambo la kweli kwenye maandishi ya kompyuta. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita alichora seti ya picha 176 kwa ajili ya kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ya Japani, kila picha ikiwa na pikseli 12 kwa 12. Hivyo ni viraba 144 tu. Ukianza kudhani kwamba turubai yako ni ndogo mno kubeba hisia, kumbuka hesabu hiyo.

Nitumie programu gani?

Yoyote yenye matabaka, yaani uwezo wa kupandanisha michoro kama karatasi za plastiki angavu, na inayoweza kutoa faili la GIF lenye fremu nyingi. GIMP inatosha kabisa. Ni ya bure, inaendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux, na ndiyo nitakayoitumia kwenye mifano ya hapa. Photoshop inafanya kazi hiyohiyo kwa mpangilio mwingine.

Kama unachora kwa kalamu ya kidijitali, jaribu Krita, nayo pia ni ya bure. Ina uwezo ambao mchoraji wa vikatuni akiuzoea hataki kuukosa: unapochora fremu mpya, unaiona fremu iliyotangulia kwa mbali, imefifia chini yake, kama mtu anayechora juu ya karatasi nyembamba. Katika GIMP utapata kitu kinachokaribia hicho kwa kushusha kiwango cha "Opacity" cha tabaka la chini hadi asilimia 30 hivi ili lififie, kisha kukirudisha ukimaliza.

Wapenzi wa michoro ya viraba viraba wana Aseprite, ambayo ni ya kulipia, na Piskel, inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo. Hizo zilibuniwa kwa picha ndogo tangu mwanzo na zinapunguza usumbufu mwingi.

Sijui kuchora. Nitaweza?

Utaweza. Uso wa emoji ni duara, madoa mawili na mstari uliopinda, na vyote hivyo programu itakuchorea kwa zana ya kuchagua duara na zana ya kujaza rangi. Kinachotakiwa kwako ni jicho la kutazama. Simama mbele ya kioo, jikonyeze, kisha uangalie ni nini kilichotokea hasa. Jicho halikufumba peke yake: shavu limepanda, pembe ya mdomo imevutwa upande uleule, nyusi ya pili imeinuka kidogo, na huenda kichwa kimeinama. Anayeanza huchora jicho tu likifumba halafu anashangaa kwa nini kikatuni chake kinaonekana kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni.

Nyusi hasa zinapuuzwa sana. Mistari miwili mifupi juu ya macho inaweza kugeuza tabasamu lilelile kuwa la upole, la hila au la kukata tamaa, bila kugusa kitu kingine chochote.

Nianze na turubai ya ukubwa gani?

Pikseli 128 kwa 128 ni mwanzo mzuri kwa emoji ya kuweka ndani ya mazungumzo. Kama unataka stika kubwa, anza na 512 kwa 512.

Onyo moja: usichore kwa madoido kwenye turubai kubwa ukitegemea kuipunguza baadaye. Kope zilizopendeza kwenye pikseli 512 zitageuka ukungu kwenye 32, na emoji nyingi huishia kuonekana kwa ukubwa huo au unaokaribia. Kila baada ya dakika chache, punguza mwonekano wa skrini hadi picha iwe ndogo kama itakavyoonekana kwa mtumiaji, kisha ujiulize kama hisia bado inasomeka. Ikiwa haisomeki, nenepesha mistari na ukuze macho.

Ukichora kwa mtindo wa viraba, fanya kinyume: chora kwenye 32 kwa 32, kisha kuza mara 4 kamili. Wakati wa kukuza katika GIMP, kwenye sehemu ya "Interpolation" chagua "None", la sivyo kingo zako kali zitalainishwa na kazi yote itapotea.

Emoji moja inahitaji fremu ngapi?

Chache kuliko unavyofikiri. Kukonyeza kunatosha kwa fremu nne. Kutetemeka kwa hasira kunahitaji mbili: uso ukiwa pikseli moja kushoto, kisha pikseli moja kulia. Kuruka ni fremu saba hadi kumi.

Watu wanaotoka kutazama video hudhani kwamba lazima wafikie fremu 24 au 30 kwa sekunde. Hata filamu za katuni zilizochorwa kwa mkono, ambazo huonyeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde, mara nyingi hutumia michoro 12 tu, kila mmoja ukirudiwa mara mbili. Na emoji ina ruhusa ambayo video haina: kila fremu inaweza kupewa muda wake. Fremu moja inaweza kukaa sekunde nzima na inayofuata ikapita kwa sehemu sita tu kati ya mia za sekunde. Hapo ndipo penye kazi yenyewe.

Nionyeshe hatua kwa hatua katika GIMP.

Tuchukue uso unaokonyeza. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Fungua turubai mpya ya 128 kwa 128 na kwenye chaguo la kujaza weka "Transparency" ili nyuma kuwe wazi. Chora kila kiungo kwenye tabaka lake: duara la uso, jicho la kushoto, jicho la kulia, nyusi, mdomo. Kisha ongeza matabaka ya vipuri: jicho la kulia likiwa nusu wazi, jicho la kulia likiwa limefumba (mstari mmoja uliopinda unatosha), na mdomo wa pili uliovutwa upande wa jicho hilo. Hifadhi faili kama XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe inayotunza matabaka yote. Hilo ndilo ghala lako. Usiliharibu kamwe, kwa sababu kesho utataka uso huohuo ulie au usinzie.

Sasa tengeneza fremu. Washa matabaka ya uso wa kawaida na uzime ya vipuri kwa kubofya alama ya jicho iliyo pembeni ya kila tabaka. Nenda "Layer", kisha "New from Visible". GIMP itaunganisha yote yanayoonekana na kukupa tabaka jipya moja: hiyo ni fremu ya kwanza. Izime, badilisha jicho liwe la nusu, rudia amri ileile. Halafu jicho lililofumba pamoja na mdomo wa pili. Halafu tena nusu. Ukimaliza utakuwa na matabaka manne yaliyounganishwa. Hifadhi nakala kwa jina jingine, na ndani ya nakala hiyo futa viungo vyote ubaki na fremu nne tu, zikiwa zimewashwa.

Zipange. GIMP husoma kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo fremu ya kwanza ndiyo iliyo chini kabisa. Muda unaandikwa kwenye jina la tabaka lenyewe, ndani ya mabano, kwa milisekunde (1000 ni sekunde moja):

uso (1500ms)
nusu (60ms)(replace)
fumba (300ms)(replace)
rudi (80ms)(replace)

Neno "replace" linaiambia programu iondoe fremu iliyopita kabla ya kuonyesha hii. Fungua "Filters", kisha "Animation", kisha "Playback" uone kazi yako. Ukiridhika nenda "File", "Export As", lipe faili jina linaloishia na .gif, na kwenye dirisha litakalofunguka weka alama kwenye "As animation" na "Loop forever". Amri ya kawaida ya kuhifadhi haitakupa GIF. Inahifadhi XCF tu, na hapa ndipo wengi hukwama.

Kabla ya kufunga programu, fanya jaribio moja. Badilisha 300 iwe 120, tazama. Kisha iwe 700, tazama tena. Michoro ni ileile minne, lakini kwa 120 ni kope iliyopepesa bila kukusudia, na kwa 700 ni mtu anayekuambia kwamba ninyi wawili mna siri. Mimi nililiamini jambo la muda siku nilipofanya jaribio hili, na sijarudi nyuma.

Utaona pia kwamba nimeweka 60 kwenda na 80 kurudi. Jicho hufumba haraka na kufumbuka taratibu kidogo. Ukiziweka sawa, kikatuni kitakuwa kama kidude cha mitambo.

Na kwa Photoshop?

Fungua "Window", "Timeline", uchague "Create Frame Animation". Kwenye menyu ya paneli hiyo kuna "Make Frames From Layers", inayogeuza matabaka kuwa fremu kwa mpigo mmoja. Muda unaandikwa chini ya kila fremu. Kutoa GIF, tumia "Save for Web (Legacy)" iliyo ndani ya "File", "Export". Kuna pia amri ya "Tween", inayojaza fremu za katikati kitu kinapohama au kufifia. Inafaa kwa moyo unaofifia au nyota inayopita. Kwa uso siipendi, kwa kuwa inagawa mwendo sawasawa na uso wa mtu hauendi hivyo.

Emoji yangu inaruka, lakini inaonekana kama imefungwa kamba. Kosa liko wapi?

Karibu kila mara kosa ni kwamba umeihamisha kwa hatua zilizo sawa. Tupa mpira juu uutazame: unaondoka kwa kasi, unapunguza mwendo unapokaribia kilele, unakuwa kama umetulia hewani, kisha unaanguka ukizidi kushika kasi. Michoro lazima ifuate hivyo.

Hesabu hii itakusaidia. Weka uso katika urefu wa pikseli 0, 20, 32, 36, 32, 20 na 0 kutoka ardhini, kila fremu ikipewa milisekunde 40. Angalia tofauti: 20, kisha 12, kisha 4, halafu kurudi chini 4, 12, 20. Kila hatua ya kupanda imepungua kwa 8, na kila ya kushuka imeongezeka kwa 8. Hiyo ndiyo kanuni ya mvutano wa dunia ikiwa imeshushwa ndani ya kikatuni, na jicho la mtu yeyote linaitambua hata kama hajawahi kukaa darasa la fizikia.

Jambo la pili ni kunepa na kurefuka. Uso ukigusa ardhi ubonyee, ukiruka urefuke. Lakini ukubwa wa jumla usibadilike, maana kitu kikibonyea bila kupanuka kinaonekana kimesinyaa. Uso wa pikseli 100 kwa 100 ukishuka hadi urefu wa 80, upanue hadi 125: ukizidisha urefu kwa upana, mara zote mbili unapata 10,000. Acha nafasi ya kutosha juu na pembeni ya turubai kwa ajili ya mabadiliko haya kabla hujaanza.

La tatu, na ndilo linaloleta tofauti kubwa, ni maandalizi. Hakuna mtu anayeruka bila kuchuchumaa kwanza, na kondoo dume hurudi nyuma kabla ya kupiga pembe. Ongeza fremu moja ya uso ukiwa umebonyea kidogo mahali pake, uipe milisekunde 150, kabla ya kuruka. Mtazamaji ataisubiri ile ruka, na ikija ataifurahia. Fremu hiyo moja ina thamani kuliko tano za katikati.

Nitafanyaje mwendo usikatike unaporudi mwanzo?

Usirudie fremu ya kwanza mwishoni. Ukiirudia itaonyeshwa mara mbili mfululizo na utaona kigugumizi kidogo kila mzunguko.

Kwa vitu vinavyotiririka, kama machozi au mvua, kuna ujanja mzuri. Chora matone matatu kwenye shavu, kila moja likiwa pikseli 24 chini ya jingine. Kwenye kila fremu shusha yote kwa pikseli 6. Baada ya fremu nne kila tone limefika mahali lilipokuwa jenzake, tone la juu limeachia nafasi tone jipya linaloanza kutoka jichoni, na picha ni sawa kabisa na ya mwanzo. Fremu nne zinalia milele.

Moyo unaodunda nao una siri yake: usiupige mara moja. Ukuze hadi asilimia 112, urudishe 100, ukuze tena kidogo hadi 106, urudishe 100, kisha uuache utulie milisekunde 500. Pigo kubwa, pigo dogo, kimya. Bila kile kimya unakuwa kama taa ya kuonya.

Kwa nini emoji yangu ina ukingo mweupe unaochusha?

Kwa sababu ya GIF yenyewe. Katika GIF pikseli ama ipo ama haipo. Hakuna iliyo nusu wazi. Programu nyingi hulainisha ukingo wa duara kwa pikseli zinazoonyesha nyuma kidogo, na unapotoa GIF, pikseli hizo hulazimika kuchagua upande. Zikichanganywa na rangi nyeupe, utaona pete chafu mara tu emoji itakapowekwa kwenye skrini yenye rangi nyeusi.

Tiba ninayoipenda ni kuizungushia emoji mstari mwembamba wa rangi nzito, kahawia au zambarau iliyokolea, na kuuchora bila kulainisha. Katika GIMP zima chaguo la "Antialiasing" kwenye zana ya kuchagua, au chora kwa penseli badala ya brashi. Kama mchoro umekwisha tayari, "Layer", "Transparency", "Threshold Alpha" itazikata pikseli zote za nusunusu. Kwa vyovyote, weka tabaka jeupe chini ya kazi yako utazame, kisha jeusi utazame, halafu uyaondoe yote mawili kabla ya kutoa faili.

Fremu za nyuma zinabaki kama vivuli. Nifanye nini?

Fremu zako zinarundikana. Hakikisha majina ya matabaka yana "(replace)" na si "(combine)", au kwenye dirisha la kutoa GIF chagua fremu moja kwa kila tabaka. Rundo hilo lina faida yake pale unapotaka kitu kijichore taratibu, kama saini.

Nimeweka milisekunde 10 ili iende kasi sana, lakini kwenye kivinjari inakwenda polepole. Kwa nini?

GIF hupima muda kwa sehemu za mia za sekunde, na vivinjari vingi vikikuta fremu yenye muda wa sifuri au wa sehemu moja tu ya mia hukataa na kuipa milisekunde 100. Weka 20 au zaidi. Mimi sishuki chini ya 40. Chini ya hapo mtu haoni tofauti kubwa na faili linanenepa bure.

Faili ni kubwa mno. Nipunguze wapi?

Punguza rangi kwanza. GIF inaruhusu rangi 256 kwa kila fremu, lakini uso wa njano wenye kivuli kimoja hauhitaji zaidi ya 16 au 32. Nenda "Image", "Mode", "Indexed" uandike idadi. Kwenye dirisha hilohilo zima kutawanya nukta, kunakoitwa "dithering". GIF hufupisha faili kwa kutafuta mifuatano ya pikseli inayojirudia. Eneo la rangi moja hubanwa sana, ila nukta zilizotawanywa huharibu marudio hayo na faili huvimba.

Pili, tumia "Optimize (for GIF)" iliyo ndani ya "Filters", "Animation". Hubakiza sehemu zilizobadilika tu: kama ni jicho pekee lililosogea, uso mzima hauhifadhiwi upya. Amri hiyo hufungua nakala mpya, na nakala hiyo ndiyo utakayoitoa. Tatu, ondoa fremu. Fremu mbili zinazofanana sana ziwe moja, uipe muda wa zote mbili.

Nne ni ukubwa wa turubai, na ninakuomba uwe wa mwisho. Kupunguza fremu mara nyingi huiboresha emoji, lakini kupunguza turubai huifinya.

GIF, WebP au APNG?

GIF ni ya mwaka 1987, kazi ya kampuni ya CompuServe ya Marekani, na toleo la 1989 ndilo lililoleta muda wa fremu na uwazi. Umri wake ndio nguvu yake, kwani karibu kila mahali inafunguka. APNG na WebP, aina nyingine za faili la picha zinazocheza, hubeba rangi nyingi na uwazi wa nusunusu, kwa hiyo ule ukingo mweupe unatoweka wenyewe. GIMP hutoa WebP yenye fremu nyingi kwa njia ileile ya "Export As".

Chora, hifadhi ghala lako, kisha toa aina inayotakiwa mahali unapoipeleka.

WhatsApp, Telegram na Discord zinataka nini?

WhatsApp hutaka stika za WebP za pikseli 512 kwa 512. Zinazocheza zisizidi kilobaiti 500, mwendo wote usipite sekunde 10, na fremu isiwe chini ya milisekunde 8. Pakiti huwa na stika 3 hadi 30, na huwezi kuchanganya zinazocheza na zilizotulia kwenye pakiti moja.

Telegram ina njia mbili. Moja ni michoro ya mistari ya aina ya TGS, isiyozidi kilobaiti 64, ambayo haitengenezwi kwa programu ya kuhariri picha. Ya pili ni video fupi ya WEBM isiyo na sauti, sekunde 3 kwa juu, kilobaiti 256, upande mmoja ukiwa na pikseli 512. Emoji za kuchomeka ndani ya maandishi huko ni 100 kwa 100.

Discord hupokea GIF isiyozidi kilobaiti 256, na hapo 128 kwa 128 inafaa sana. Kutuma emoji inayocheza kunahitaji anayetuma awe na usajili wa kulipia.

Naweza kufanya yote kwa simu?

Ndiyo. FlipaClip na ibisPaint zina fremu na zinafanya kazi vizuri kwa kidole, na kwenye iPad kuna Procreate. Tofauti utakayoihisi ni muda: baadhi ya programu za simu hutoa kasi moja kwa fremu zote. Ukikutana na hilo, rudia fremu. Kwa kasi ya fremu 10 kwa sekunde, uso unaotakiwa kutulia sekunde moja na nusu unarudiwa mara 15.

Naweza kuchukua emoji ya mtu mwingine nikaichezesha?

Inategemea aliyeichora. Alama ya Unicode ni ya wote, lakini mchoro wa kampuni fulani ni mali ya kampuni hiyo. Kuna seti zilizotolewa kwa leseni huru. Twemoji inaruhusiwa kutumiwa na kubadilishwa ukimtaja aliyeitengeneza, OpenMoji inaruhusiwa pia kwa sharti kwamba kazi yako nayo uitoe kwa leseni ileile, na ipo Noto Emoji ya Google. Wahusika wa filamu na nembo za timu usiwaguse ukikusudia kusambaza.

Harvey Ball, aliyechora uso wa njano wenye tabasamu mwaka 1963 huko Marekani, alilipwa dola 45 na hakuusajili. Wengine waliusajili baadaye katika nchi nyingi. Ukichora kitu chako chenye sura yake mwenyewe, weka jina lako kwenye pakiti.

Je, kuna mwendo nisiotakiwa kuutengeneza?

Mmweko mkali. Miongozo ya kimataifa ya tovuti zinazofikiwa na watu wote inasema kitu kisimweke zaidi ya mara tatu ndani ya sekunde moja, kwa sababu kinaweza kumletea mtu mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga mshtuko wa kweli. Emoji inayobadilika nyekundu na nyeupe kila milisekunde 50 ni hatari hata ikiwa ndogo, kwa kuwa watu huzituma kumi kwa mpigo na skrini yote ikawaka. Hasira ionyeshe kwa kutetemeka, kwa moshi masikioni, kwa rangi inayopanda taratibu kutoka kidevuni.

Fikiria pia anayesoma maandishi yaliyo jirani na emoji yako. Mpe mapumziko: sekunde moja au mbili za utulivu kwenye kila mzunguko.

Nimemaliza. Nitajuaje kama imefaulu?

Mtumie mtu mmoja bila neno lolote, kwa ukubwa itakaotumika, kisha umuulize uso huo unasema nini. Usimwongoze. Akitaja hisia uliyoikusudia, itoe. Akitaja nyingine, usikimbilie kuchora upya; fungua faili, tazama namba zilizo kwenye mabano, ubadilishe moja, kisha umtumie tena.